Cheti Changu cha Jeshi na Mtani Wangu Mzaramo

Mtu wa kwanza wa kijiji chetu, huku upande wa Isikizya, kurudi Tabora na diploma ni mimi, na anayekereka nikilisema hilo na akereke. Niliipata Uganda, kwenye hospitali ya misheni, kwa kufua mashuka ya wagonjwa mchana na kusoma jioni mpaka macho yakawa mekundu kama ya mvuta bangi. Hapakuwa na mjomba wa kunisomesha wala padri wa kuniandikia barua ya sifa. Niliingia pale mfua mashuka, nikatoka bwana afya, mtu mwenye haki ya kuingia ua wa yeyote, awe Mwarabu mwenye duka au mtemi mwenye ng'ombe, nikafunua mtungi wake wa maji na kumwambia kwamba anafuga mbu.

Nilivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, nikapanda treni. Diploma nilikuwa nimeitia kwenye fremu ya kioo, nimeizungushia blanketi, nimeipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Treni iliposimama Bukene, mama mmoja muuza karanga alichungulia dirishani akaona pembe ya fremu.

"Baba, huyo uliyembeba ni mtakatifu gani?"

"Ni mimi, mama," nikamjibu.

Alicheka hadi karanga zikamwagika. Mimi nilikuwa nimemjibu kweli tupu.

Suti yangu ilikuwa ya kijivu, ya kushonewa kwa kipimo. Mama yangu mzazi aliponiona nakuja na kijia alisimama mlangoni akaita majirani, akidhani ni mtu wa kodi. Nilipovua kofia ndipo akapiga kigelegele, na usiku huo kijiji kizima kilikuja kuitazama diploma. Hakuna aliyeweza kuisoma. Niliwasomea mimi, kwanza kwa Kiingereza ili wasikie inavyolia, kisha kwa Kinyamwezi.

Sikuwa nimerudi kwa kubahatisha. Nilikuwa nimepata habari kwamba mji wa Tabora unatafuta bwana afya, na kwamba katika jimbo zima hapakuwa na mtu wetu mwenye cheti cha kazi hiyo. Nikaenda kumwona daktari wa serikali, Mzungu mrefu mwenye mikono safi sana. Aliishika diploma yangu kwa vidole viwili, akaisoma hadi chini, akatabasamu. Aliniuliza maswali matatu manne kuhusu ndui na visima, nikamjibu kwa Kiingereza chake mwenyewe, na nikaona amekwisha kuamua. Kisha akauliza:

"Wakati wa vita ulikuwa jeshini?"

Wamisionari wa Uganda waliniuliza kama najua kusoma. Hawakuniuliza niliachaje bunduki. Serikali ya hapa ilikuwa na utaratibu mwingine: aliyepita jeshini alete cheti chake cha kuachishwa. Ningeweza kusema sikwenda. Lakini nusu ya mji ilituona siku tulipopakiwa kwenye mabehewa, na nusu nyingine ilisimuliwa. Nikakitoa.

Kwenye mstari wa tabia palikuwa na neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu, maana yake mbaya. Si tabia ya kadiri wala tabia yenye kasoro. Mbaya, kama mtu anavyosema juu ya yai.

Daktari aliziweka karatasi zangu mbili mezani, moja kando ya nyingine. "Hii inasema kazi unaijua," akagusa diploma. "Na hii inasema usipewe. Siwezi kuzipeleka zote mbili kwa bwana mkubwa. Nenda kaondoe moja."

Ndiye aliyenieleza kwamba mtu anaweza kuomba cheti chake kitazamwe upya. Afisa wa mambo ya askari wa zamani angekuja bomani kutoka Dar es Salaam kusikiliza maombi ya namna hiyo, na mwombaji alipaswa kuleta mtu aliyekuwapo jambo lilipotokea. Daktari aliahidi kuiacha nafasi wazi mpaka hapo.

Nieleze basi jambo lenyewe, maana kuna vijana leo wanaodhani utani ni mzaha wa kilabuni.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, akarudi na mizigo ya nguo na shanga, akaenda tena. Misafara ile ya Wanyamwezi ilipita katika nchi za watu. Waligombana nao, wakaugua kwao, wakaoa kwao, wakazikwa kwao. Mwisho wa yote wakawa watani. Ndiyo maana Mzaramo ni mtani wangu, hata kama sijawahi kumwona: ataniita mtumwa wake, nami nitamwita wangu, atachukua kofia yangu sokoni na sina pa kumshtaki. Na siku ya msiba mtani ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Wafiwa wanalia. Yeye anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamtukana kwa kuwatoroka wenzake. Anaingia kaburini analala, anasema hatoki mpaka apewe kitu, chochote, hata njiti ya kiberiti. Wafiwa wakicheka katikati ya kilio, kazi yake imekwisha. Marehemu asiyefanyiwa hivyo ni kama hakuwa na watu.

Kule Burma, katika platuni yetu, Mnyamwezi nilikuwa mimi peke yangu. Wazaramo walikuwa wengi. Mmoja wao ndiye aliyekuwa rafiki yangu mkubwa. Tulikula sahani moja na kutukanana tangu kuamka hadi kulala. Alikuwa na ndugu yake, mtoto wa baba yake mdogo, kijana mvivu mwenye sauti nzuri, aliyechechemea mguu wa kushoto kwa sababu ya kiatu kilichombana. Kombora lilimuua kijana huyo asubuhi moja ya mvua. Mtani wangu hakulia. Alikaa juu ya sanduku la risasi, akawa anafungua na kufunga kifungo cha mfuko wake.

Nilijua kazi ile ni ya nani. Hapakuwa na Mnyamwezi mwingine wa kuifanya.

Basi mazishini nilivaa kofia ya marehemu, ile pana iliyokunjwa upande mmoja, nikapita mbele ya wenzangu nikichechemea mguu wa kushoto. Halafu nikaruka kaburini, ambamo maji yalikuwa yameanza kutuama, nikalala chali.

"Nimechimba mimi, nalala mimi!" nikapiga kelele. "Mvivu huyo mrudisheni kwao Kisarawe! Mpaka kufa anangoja kuchimbiwa!"

Wazaramo walianza kucheka, mmoja mmoja, kama watu wanaokohoa. Kisha nikamsikia mtani wangu. Alikuwa anacheka na kulia kwa pumzi moja.

Afisa wetu alikuwa mgeni, hajajua hata majina yetu. Aliona askari amevaa kofia ya maiti, amelala kaburini, anapiga makelele. Akaamuru nitoke. Nilimsikia; Kiingereza cha amri kila askari alikielewa. Lakini nilikuwa sijapewa kitu, na mtani hatoki kaburini mikono mitupu, maana akitoka hivyo anakuwa amemdhihaki marehemu kweli. Mtani wangu alikuwa anapapasa mifuko anitupie hata kipisi cha sigara. Sajenti akamkemea asimame sawasawa, mikono mapajani. Afisa akarudia amri. Nikabaki nimelala, mvua inaniingia machoni, namwangalia mtani wangu aliye juu yangu akiwa amesimama kama mti. Nilivutwa nje kwa miguu.

Nilishtakiwa kwa kudhalilisha maiti na kwa kukataa amri. Hakuna aliyeuliza utani ni nini. Nilifungiwa, nikafukuzwa, nikapewa kile cheti. Nilipofika Tabora sikukaa. Ndiyo sababu nilikwenda Uganda.

Mtani wangu yeye alimaliza vita vizuri, akapata nishani, akaajiriwa na reli. Walimpeleka Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, kazi yake kugeuza reli ili treni hii ishike kusini na ile iende magharibi. Nilimfuata. Nilimkuta amekaa juu ya kreti, anakula muhogo wa kuchemsha, wenzake wamelala kivulini. Aliniona kwa mbali na hakusimama.

"Ala! Tangu lini mzigo ukajibeba wenyewe?" akapaza sauti ili wenzake waamke. "Jamani, njooni mwone mtumwa wangu! Babu yake alibeba pembe, na yeye amebeba tai."

"Mtumwa ni wewe, na nimekuja kukuuza," nikamwambia. "Mpanda wanatafuta watu wa kuchimba madini ya risasi."

"Nani atanunua Mzaramo kwako? Wewe mwenyewe ulieneza Burma nzima kwamba hatufanyi kazi."

"Niliwaficha. Sikuwaambia kwamba hata kula mnakula mmelala."

"Usinisogelee na suti hiyo. Mwenyewe akiidai utasema tuliiba wote."

Wenzake walikuwa wanashika mbavu. Ndipo akasimama, akanikumbatia, akaipaka suti yangu muhogo makusudi, na mimi nikamnyang'anya uliobaki nikaula. Miaka yote ya Uganda hakuna mtu aliyenitukana vile. Nilijiona nimefika nyumbani hasa.

Nilipomweleza habari ya cheti aliacha kucheka.

"Waliandika mbaya?"

"Mbaya."

"Kwa ajili ya ndugu yangu?"

"Kwa ajili ya ndugu yako."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Nitakuja. Nitaomba ruhusa, na wakininyima nitaumwa."

"Lakini sikiliza, ndugu," nikasema. "Pale bomani usinitanie. Huyo ni mkubwa, na mkalimani wake si mtu wa huku. Jibu kama askari."

Akanitazama. "Yaani niende nikamweleze Mzungu kwamba utani si tusi, na nikifika huko nisitanie, kwa kuwa ni tusi?"

"Siku moja tu."

"Mnyamwezi, umesoma mpaka umerudi nyuma," akasema, wenzake wakaangua kicheko upya. Hakuahidi kitu.

Siku ya siku tulikutana kwenye veranda ya boma. Alikuwa amevaa shati la kaki lililopigwa pasi kwa makini, nishani kifuani. Mimi nilikuwa na suti, na diploma ndani ya fremu yake kwapani, kwa sababu niliona heri afisa huyo aone jeshi lilimfukuza nani.

Chumba kilikuwa kidogo. Afisa alikuwa mtu wa makamo mwenye uso uliochoka, na sikumwona kuwa mbaya. Mkalimani alikuwa karani aliyekuja naye, kijana mwenye heshima, wa kabila la mbali ambalo halina utani na mtu. Afisa alisema tangu mwanzo kwamba kila neno litasemwa kwa lugha zote mbili, ili mwombaji na shahidi wote wasikie kila linalosemwa. Niliona ni haki kabisa.

Mimi sikumhitaji mkalimani. Nilieleza habari ya misafara, ya Bagamoyo, ya misiba, kwa Kiingereza kilichonyooka, na naweza kuapa kwamba chumba kile hakikuwa kimesikia mwenyeji wa Tabora akizungumza hivyo. Afisa aliacha kuandika akawa anasikiliza tu. Nilipomaliza aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikafunua diploma.

Kisha akamgeukia mtani wangu.

"Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Mtoto wa baba yangu mdogo, bwana."

"Ulipomwona mtu huyu kaburini ulikasirika?"

"Nilicheka."

"Ulicheka kwenye mazishi ya ndugu yako?"

"Bwana, tangu asubuhi nilikuwa siwezi kulia. Kilikuwa kimekwama hapa." Akashika koo. "Huyu alipolala mle ndani, kicheko kilitoka, na kilio kikatoka nyuma yake. Asingelala, nadhani hata leo kingekuwa kimekwama."

Mkalimani alitafsiri vizuri, kwa sauti ya chini. Afisa aliandika kwa muda mrefu.

"Swali la mwisho," afisa akasema. "Mwombaji huyu ni mtu wa namna gani?"

Mtani wangu alinitazama. Nilimwomba kwa macho. Aliitazama suti, akaitazama fremu, na nikaona mdomo wake unaanza kucheza upande.

"Huyu? Huyu ni mtumwa wangu, bwana. Babu yake alishikwa na njaa kwetu, tukamnunua kwa nazi mbili, na moja ilikuwa mbovu. Huyu ni mwizi tangu tumboni. Akikaa karibu na maiti, hesabu vidole vya maiti."

Mkalimani alisita, akanitazama kama anayeniomba radhi, kisha akatafsiri neno kwa neno. Nikasikia kwa Kiingereza: mtumwa, mwizi, vidole vya maiti. Kalamu ya afisa ilisimama.

"Bwana," nikasema, "hicho ndicho nilichokuwa naeleza. Angesema mimi ni mtu mwema, hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kunitilia shaka."

Jibu hilo nililijivunia nikiwa bado nalitamka, na nalijivunia hadi leo. Afisa alimtazama mtani wangu aliyesimama sawasawa na uso mkavu, akanitazama mimi, akacheka kwa pua. Akafuta kitu kwenye karatasi yake.

"Desturi nimeielewa," akasema. "La kudhalilisha maiti naliondoa. Lakini yako mashtaka mawili. Uliamriwa kutoka. Uliisikia amri?"

"Niliisikia."

"Ukaielewa?"

"Nikaielewa."

"Basi unaona taabu yangu. Jeshi haliwezi kuandika tabia nzuri kwa mtu aliyesikia amri, akaielewa, akabaki amelala." Aliegemea mbele. Nasema tena, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananitafutia mlango. "Nipe neno moja la kuandika hapa. Moja tu, na nitapendekeza ubadilishiwe." Akaniuliza kama ninafanya hivi juu ya kule kubaki kaburini, akatumia neno lake: regret.

Katika Kiingereza kuna neno ambalo serikali huliweka mwanzoni mwa kila barua ya kukunyima kitu. Bwana mkubwa anaandika kwamba anafanya hivyo, kisha anakwambia nafasi imejaa. Hajalia, hajaacha kula. Ni kama hodi ya mlangoni kabla ya kuingia na habari isiyopendeza. Nilikuwa nimepokea barua hizo nyingi, na nikiwa Uganda nilikuwa nimeziandika mwenyewe kwa wenye maduka niliowafungia visima. Neno hilo nililijua kama ninavyoujua ua wa nyumba yetu. Kwa hiyo sikusita. Nikasema ndiyo, bwana, nafanya hivyo.

Afisa akaanza kuandika. Mkalimani, kwa utaratibu uliowekwa, akamgeukia shahidi.

"Anasema anajuta."

Watu wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa. Kuna kusikitika, kuna kuhuzunika, kuna kusema pole. Kujuta ni kwa aliyetenda ovu akatamani asingelitenda. Nilifungua kinywa nimsahihishe. Lakini ningemsahihisha, afisa angeuliza ni kosa gani la tafsiri, na ningelazimika kulichambua neno lake mbele yake, nikimwonyesha kwamba ndani halina kitu. Na pendekezo langu lingekwenda na neno hilo. Kalamu ilikuwa inatembea. Kilichokuwa kinaandikwa ni Kiingereza, na kwa Kiingereza nilikuwa nimesema kweli. Nikafunga kinywa.

"Anajuta nini?" mtani wangu akamuuliza mkalimani.

"Kubaki kaburini."

"Haya," akasema. Akapiga saluti, akageuka kama tulivyofundishwa, akatoka.

Nilimkuta kwenye veranda anafungua nishani zake na kuzitia mfukoni, moja moja.

"Tumeshinda, wewe mla nazi!" nikamwambia. "Hata matusi yako hayakuniangusha!"

"Hongera, bwana," akasema.

"Bwana? Bwana nani?"

"Umezungumza vizuri sana. Nimefurahi." Akafunga kifungo cha mfuko. "Treni yangu ni ya mchana, naona nitangulie stesheni."

Nilimsindikiza njia nzima nikimweleza. Nilimweleza neno lile linatoka wapi, linavyotumiwa na wakubwa, linavyotofautiana na lile la toba kanisani. Nilimwambia mkalimani ni mtu wa mbali, Kiswahili chake ni cha kitabu. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza padri wa dini isiyo yake, akiitikia kila nilipopumua.

"Nimekuelewa, bwana. Wewe umesoma."

"Hujaelewa. Nitukane basi, nijue umeelewa."

"Nikutukane kwa kosa gani?" akauliza, na ilikuwa kweli anauliza. Treni ilipoanza kusogea alinipungia mkono dirishani, kwa upole, kama mtu anavyompungia mwenyeji aliyemlaza siku moja.

Cheti kipya kilikuja. Herufi tatu zilikuwa zimekwisha, na mahali pake palikuwa na neno linalosema tabia nzuri. Daktari alikipeleka pamoja na diploma, na karatasi zangu mbili sasa zilikuwa zinapatana. Nikawa bwana afya wa kwanza mwenyeji katika mji wa Tabora. Aliyeishi Tabora miaka ile aulize soko la samaki lilikuwaje kabla yangu na likawaje baada yangu. Nilifukia madimbwi yaliyokuwa yanajulikana kwa majina. Nilipewa baiskeli, kaptula na soksi ndefu, na mtaani watoto waliposikia kengele yangu walikimbia kufunika mitungi. Mama yangu alikufa akijua kwamba mwanawe anaogopwa na Waarabu. Hayo yote niliyapata kwa neno moja, na sijaona bado mtu aliyenieleza ningesema neno gani jingine. Wapo walionifundisha baadaye, wakiwa wamekaa vibarazani mwao: ungekataa, ungesema hivi, ungesema vile. Hao hawakuwa na diploma iliyosubiri mezani kwa daktari.

Kwa mtani wangu nilituma salamu mara nyingi na watu wa reli. Zilirudi salamu njema, za kuuliza afya yangu na ya nyumbani. Salamu ambazo mtu humtumia karani.

Kisha eneo langu likapanuliwa, nikaambiwa nikakague makazi ya Kaliua. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Njia nzima kwenye treni nilikuwa natunga, na nilipofika kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli nilikuwa tayari. Nilizikagua za mwanzo haraka haraka. Majirani walikuwa wametoka nje, wengine niliwakumbuka kutoka siku ya muhogo. Nilisimama mbele ya ua wake, nikaziba pua kwa vidole, nikapaza sauti:

"Humu anakaa nguruwe au Mzaramo? Fisi wa Unyanyembe akipita hapa anazimia! Toka nje, mtumwa, bwana wako amekuja kukuogesha!"

Majirani walicheka, wakageukia mlango wake kungoja jibu. Mmoja alijipiga paja kabisa.

Alitoka akifunga kifungo cha juu cha shati. Ua ulikuwa umefagiwa, mtungi umefunikwa kwa sahani safi. Akavua kofia.

"Shikamoo, bwana afya."

Sisi ni wa umri mmoja. Niliikosa marahaba kinywani. Kicheko cha majirani kilikatika, na yule aliyejipiga paja akaanza kunitazama kama mtu anayetazama mwenye cheo anayetukana watu majumbani mwao.

"Kama kuna kasoro niambie, bwana, nirekebishe," mtani wangu akasema.

Ilibidi niseme kitu. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaona dimbwi dogo la maji machafu, dogo kiasi kwamba kwa mtu mwingine ningelipita. Nikamwambia lile lifukiwe. Aliitikia, akaingia ndani, akatoka na jembe, akaanza pale pale, nami bado nimesimama na daftari langu mkononi. Jua lilikuwa kali na alikuwa ametoka kazini alfajiri. Macho yake yalionyesha.

"Acha, bwana wee," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Utafanya kesho. Hata usipofanya."

Alisimamisha jembe, akanitazama kwa heshima.

"Hiyo ni amri, bwana?"

Nikasema hapana, si amri.

Akaendelea kufukia.